Kutoka Birikani Hadi Shambani: Safari Yetu ya Nchi ya Chai, Kericho na Bomet



Kila nyumba ya Pwani ina saa yake ya chai. Baada ya sala ya Alasiri birika huinjikwa, iliki hupondwa, na majani hutiwa kwa mkono uliozoea, bila kupimwa. Nasi watu wa Mombasa tuna udugu wa pekee na majani hayo, maana mjini mwetu ndimo ulimo mnada mkubwa kabisa duniani wa chai nyeusi. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia kwetu mwaka 1969. Kila wiki chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania huuzwa hapo kwa wanunuzi wa Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Malori ya chai tumeyazoea kama tulivyozoea honi za meli. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuuona mchai ukiwa umeota ardhini, na wachache zaidi waliowahi kuketi na mtu anayeuchuma.

Familia yetu ilikwenda huko mwezi wa Agosti, wakati wa likizo ya shule, kwa sababu iliyokuwa nzito kuliko matembezi. Binti yetu mkubwa alikuwa ameitwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kaunti ya Kericho. Furaha ya habari ile ilidumu siku moja. Siku ya pili Bibi, mamake baba wa watoto, aliuliza maswali ambayo nyumba nyingi za wasomaji wetu zinayafahamu. Huko atakula nini? Atasali wapi? Akiugua usiku, nani atamshika mkono? Hatukuyapuuza maswali hayo, kwa kuwa Bibi ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa wa kubebwa, na neno lake nyumbani kwetu lina uzito. Baba akashauri kwamba jibu lisitolewe kwa kukisia. Twende sote, tukae wiki moja, tuione nchi ile kwa macho yetu, kisha tuamue.

Nyumba ya magurudumu

Kulaza watu saba katika nyumba za wageni kwa wiki nzima si gharama ndogo. Huko Ulaya, familia za Uholanzi na Ujerumani hupanga likizo zao kwa magari yenye vitanda na jiko ndani yake, wakalala hapa leo na pale kesho. Sisi tulijitengenezea la kwetu. Tuliazima Hiace ya mjomba wao watoto, tukabakisha viti saba vyenye mikanda, na nyuma tukapakia magodoro, mablanketi, hema, jiko dogo la gesi, madumu ya maji, birika la kutawadhia na mikeka ya kusalia. Usiku wanawake wangelala garini na wanaume hemani. Watoto wakalipa gari jina la nyumba ya magurudumu, na jina likashika.

Tulijiwekea masharti matatu. Gari lisitembee usiku. Tusilale ila mahali penye mwenyewe na lango. Na sala itangulie chakula. Rukhsa ya msafiri ya kufupisha sala na kuzikusanya ilitufaa sana. Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja mahali tulivu, wala hatukulazimika kukimbizana na saa.

Kutoka Mombasa hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700, kwa hiyo usiku wa kwanza tulilala Nairobi kwa jamaa zetu. Kesho yake tuliteremka Bonde la Ufa, tukapita Naivasha na Nakuru, kisha tukapanda Mau hadi mahali njia ya Kericho inapojitenga na ile ya Eldoret. Baada ya hapo yapo makutano ya Londiani. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Wengi waliopatwa walikuwa katika shughuli za kutafuta riziki, wakiuza bidhaa ndogo ndogo kwa wasafiri kama sisi. Tulipunguza mwendo, tukanyamaza, tukawaombea waliobaki subira. Tangu hapo Bibi akawa ndiye mwangalizi wa mshale wa kasi.

Kericho, mji wa mvua za alasiri

Mtu wa Pwani anayefika Kericho kwa mara ya kwanza hudhani ameona zulia. Michai imekatwa juu kwa usawa mmoja, vilima baada ya vilima, na kijani chake hubadilika kila wingu linapopita. Watoto walistaajabu walipoambiwa kwamba mchai ukiachwa bila kupogolewa hurefuka ukawa mti na kutoa maua meupe. Hukatwa ili uchipue daima, na ili mkono wa mchumaji uufikie.

Mji uko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari. Unyevu unaotoka ziwa kuu, upande wa magharibi, hupanda na kugongana na vilima vya Mau, na mara nyingi mvua hunyesha baada ya adhuhuri. Siku yetu ya pili ilikuja na mawe yake. Yaligonga bati la gari kwa kishindo hata mtoto mdogo akajificha ndani ya buibui la shangazi yake. Mvua hiyo ya mawe, ambayo kwetu ilikuwa ajabu ya kusimuliwa, kwa mkulima ni hasara: majani yaliyotoboka hayana bei, na itabidi angoje machipukizi mapya.

Mambo mawili madogo yalitupendeza. Kwanza, kwa kuwa Kericho iko magharibi ya Mombasa, jua huchelewa kutua huko kwa zaidi ya robo saa, hivyo ratiba ya sala ya kwetu haifai. Pili, Mombasa kibla ni kaskazini karibu sawasawa, na Kericho huelemea mashariki kidogo. Binti yetu aliyapiga mahesabu hayo kwa kalamu, naye Bibi akayathibitisha kwa kuwauliza kina mama tuliowakuta msikitini mjini. Walitukaribisha kwa uji moto, wakatuelekeza kwenye bucha ya nyama halali, na mmoja wao akamwambia Bibi kwamba wanafunzi wa vyuo hufika pale siku za Ijumaa na za Idi. Bibi hakusema kitu, lakini tuliona ameyaweka maneno hayo.

Ardhi iliyo chini ya zulia

Uzuri wa Kericho una historia ambayo mgeni hana budi kuijua. Chai ililetwa Kenya mwaka 1903, ikapandwa Limuru. Kilimo chake kikubwa kilianza katika miaka ya 1920, kampuni za Kiingereza za Brooke Bond na James Finlay zilipokuja Kericho. Ardhi waliyopewa ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa Wakipsigis, waliokuwa wakichunga na kulima hapo. Ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho kati yao, uliondolewa kwa sheria iliyotungwa mwaka 1934, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto na maradhi. Wazee wa Talai na wazao wao wangali wanadai haki yao, na mwaka 2022 madai hayo yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sisi watu wa Pwani, ambao neno skwota tumelisikia tangu utoto, hatukuhitaji kufafanuliwa sana.

Mashamba makubwa yamebadilisha wenyewe mara kadhaa tangu siku zile, lakini aliyeinama juu ya mchai alibaki yule yule, na kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, akavitupa kwa bega ndani ya kikapu kilicho mgongoni. Malipo yake hutegemea kilo. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai walieleza kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kwa kuwataka mambo ya aibu. Mwezi wa Mei mwaka huo huo yalizuka machafuko Kericho, na mashine za kuchumia chai zikateketezwa na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya kazi.

Tulizungumza na dada mmoja kando ya njia, aliyekuwa amejifunga karatasi la plastiki kiunoni kujikinga na umande. Alituambia kwamba mashine haina mtoto wa kupeleka shule, ndiyo maana haichoki. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu siku zilizobaki za mwezi. Binti yetu, ambaye alikuwa ameitwa kusomea uchumi wa kilimo, alimwuliza mengi, naye alijibiwa yote. Sisi wengine tulisimama tukisikiliza, na tulipondoka hapo hakuna aliyekuwa na neno la haraka.

Kabianga

Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, lakini jina la Kabianga katika elimu ni la zamani zaidi. Shule ya serikali kwa Waafrika ilianzishwa hapo mwaka 1925. Njia ya kwenda huko hupita katikati ya chai, na chuo chenyewe kimezungukwa na chai. Hakuna kelele ila za ndege na za bodaboda moja moja.

Wasichana wawili Waislamu, mmoja wa Kwale na mwingine wa Garissa, walimchukua binti yetu na Bibi kuwatembeza. Walimwonyesha Bibi chumba wanachosalia, kidogo lakini safi, na jinsi wanavyochangia gharama za futari mwezi wa Ramadhani na kupika kwa zamu. Yule wa Kwale hakuficha kitu. Alisema muhula wa kwanza alilia kwa baridi na kwa kuikosa bahari. Kwamba kuna siku utachoka kujieleza kwa nini huli hiki na kwa nini umevaa hivi. Na kwamba wengi wanaouliza hutaka kujua tu, hawana nia mbaya. Bibi alimwuliza swali moja: "Mwanangu, ukiugua?" Msichana akajibu, "Bibi, nilipougua malaria, mwenzangu wa chumbani, Mkipsigis, alinipeleka zahanati kwa bodaboda usiku wa manane, akakaa nami hadi asubuhi."

Jioni ile Bibi alikula kidogo, akalala mapema.

Kwa mama wa Bomet

Kutoka Kericho tulifuata njia ya kusini, tukapita Litein, Kapkatet na Sotik, hadi Bomet. Hapa sura ya nchi hubadilika. Mashamba makubwa ya kampuni hupungua, na mahali pake huja vishamba vya watu, robo ekari hapa, ekari moja pale, chai ikipakana na mahindi, nyasi za ng'ombe na mikalitusi. Katika nchi nzima wakulima wadogo zaidi ya laki 6 huuza majani yao kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, iliyoundwa mwaka 1964. Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek ni baadhi ya viwanda hivyo katika kaunti hii.

Mfanyakazi mwenza wa baba bandarini ni mtu wa huko, na mamake ana shamba dogo la chai upande wa Silibwet. Ndiye aliyetupokea. Tulisimamisha gari uani kwake kwa siku mbili. Tulisalimu kwa neno tulilofundishwa, "Chamgei", naye akacheka, akatujibu kwa Kiswahili. Watoto walimwita Kogo, yaani bibi, kama wajukuu zake wanavyomwita.

Asubuhi tulikwenda naye kuchuma. Mikono yake ilikwenda kasi kuliko macho yetu. Sisi sita pamoja hatukufikia nusu ya kikapu chake. Kisha majani yalipelekwa kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, yakaingizwa kwenye gari la kiwanda. Ndani ya kiwanda, kwa ruhusa ya wenyewe, tuliona majani yakinyaushwa kwa upepo, yakikatwa na kusagwa na mashine zenye meno, yakiachwa yageuke rangi kutoka kijani hadi shaba, kisha yakikaushwa kwa hewa ya moto itokayo kwenye tanuri za kuni. Inahitajika zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kogo alitueleza kwamba hulipwa kidogo kila mwezi na kinachobaki huja mara moja kwa mwaka kama bonasi, na kwamba bonasi ya upande wao wa magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa ndogo kwa miaka mingi kuliko ya wenzao wa mashariki. Karo ya wajukuu hungoja bonasi hiyo.

Wenyeji walitaka kutukirimu kuku. Baba aliomba amchinje mwenyewe, akaeleza kwa upole sababu yake. Kogo alimletea kisu na maji, akawaita wajukuu waje kutazama namna ndugu zao wa Mombasa wanavyochinja. Mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalumu, ilitufikia kwa heshima. Bibi aliinywa yote, akasema inamkumbusha mtindi wa utotoni kwake, ila huu una moshi.

Usiku tulikaa jikoni penye moto. Bibi alitoa mfuko wa iliki aliokuja nao, akaponda punje chache katika chai ya Kogo, iliyokuwa ya maziwa matupu na sukari. Kogo akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Ndipo mazungumzo ya wazee wawili hawa yalipofunguka. Kogo alisema kwamba mwanawe alipopata kazi Mombasa, akiwa na miaka 20, yeye hakulala kwa wiki nyingi. Alikuwa ameambiwa kwamba Pwani kuna majini yanayochukua vijana, joto la kuua, na watu wasiompenda mtu wa bara. Alimwomba asiende. Kijana akaenda. Mwezi wa kwanza tu alipatwa na homa kali, na aliyemkanda na kumpikia uji alikuwa mama mmoja wa Kiislamu aliyempangisha chumba Changamwe. "Sikumwona hata siku moja," alisema Kogo. "Lakini kila nikiomba, humtaja. Wewe mtoto wako akija huku, ana nyumba."

Bibi hakujibu papo hapo. Asubuhi, baada ya Alfajiri, alituita garini. Alisema: "Aende. Anipigie simu kila Ijumaa. Na likizo fupi zisizofaa safari ya nyumbani, aje alale kwa mama huyu." Sauti yake haikuwa ya furaha. Magoti yalikuwa yakimuuma kwa baridi, na tulijua kwamba hofu yake haikumalizika; alikuwa ameamua kuibeba.

Kwa wenye nia ya kwenda

Tulirejea kwa njia ya Narok na Mai Mahiu. Kabla ya kuondoka Bomet tulipita kuyaona maporomoko ya mto Nyangores, yanayoipatia umeme hospitali ya Tenwek. Maji hayo hayo huungana na mto Mara, yakavuka hadi Tanzania na kuishia Ziwa Viktoria.

Familia zinazotaka kwenda zizingatie haya. Chukueni nguo nzito, soksi na viatu vya kufunika hata kama kwenu ni jasho. Buibui chini yake lahitaji sweta. Matembezi yafanyike asubuhi, kwa sababu ya mvua. Chakula kikavu, tambi, mchele na viungo vyenu vitawaondolea wasiwasi, na mayai, viazi, maziwa na mboga hupatikana kila mahali. Kwa nyama, ulizeni kwanza msikitini. Msiingie shamba la mtu wala kupiga picha wachumaji bila idhini. Wao wako kazini, na kila dakika yao ni kilo. Mkialikwa nyumbani, msiende mikono mitupu: halua, tende na iliki hufurahisha sana. Na jifunzeni neno moja la shukrani, "Kongoi".

Kwa wazazi ambao wana mwana au binti aliyeitwa kusoma mbali, ushauri wetu ni mmoja. Msikatae wala msikubali mahali msipopaona. Nauli ni ghali, lakini hofu ya kitu usichokijua huenda ikagharimu zaidi, na ridhaa ya pupa nayo ina gharama yake. Nendeni na wazee wenu mkiweza, maana wao huuliza maswali ambayo sisi huona haya kuyauliza. Ulizeni habari za chakula, za sala na za ugonjwa, na mtafuteni mama mmoja wa mahali pale wa kumkabidhi mtoto wenu. Nanyi pia, ikiwa mnaye kijana wa bara aliyepanga chumba jirani yenu, mpelekeeni bakuli la uji siku anapougua. Huenda kuna mama mahali fulani penye baridi ambaye hajawahi kuwaona, na usiku huu anawataja katika maombi yake.